Tunalala ndani ya chandarua, mbona bado tunaugua?

Swali: Daktari, shikamoo. Kwetu kila mtu analala ndani ya chandarua chenye dawa, na jioni tunapuliza dawa ya mbu. Pamoja na hayo, mume wangu na binti yetu wa miaka sita waliugua homa kali ndani ya juma moja. Walipimwa malaria, haikuonekana. Hospitali wakasema ni dengi. Maji ya bomba hutoka siku chache tu kwa wiki, kwa hiyo tuna mapipa na ndoo za kuhifadhia. Nina mtoto mwingine wa mwaka mmoja, na nina ujauzito wa miezi minne. Nimeambiwa ning'oe maua yote yanayoizunguka nyumba. Je, itasaidia? Tulikosea wapi, na je, kuna chanjo?

Jibu: Marahaba mama, na pole sana kwa kuuguza wawili kwa mpigo. Nianze na chandarua, usije ukakikunja na kukiweka kabatini kwa hasira. Kimefanya kazi yake. Chandarua humlinda mtu aliyelala usiku, na mbu aliyeleta dengi nyumbani kwako huuma mchana, wakati vyandarua vyote vimefungwa juu ya vitanda.

Tunaposema mbu, huwa tunawachanganya wadudu wa aina tatu wenye tabia tofauti kabisa. Anofelesi ndiye wa malaria. Huuma usiku, hasa usiku ukishakuwa mkubwa hadi alfajiri, na kwa kawaida huzaliana kwenye maji yaliyotulia ya nje: madimbwi, kingo za vijito, mashamba yaliyofurika. Kuleksi huzaliana kwenye maji machafu, mashimo ya vyoo na mitaro iliyoziba. Ndiye anayewanyima wengi usingizi kwa mlio wake, na katika maeneo mengi ndiye mwenezaji wa matende na mabusha. Wa tatu ni aedesi. Huyu ni mdogo, mweusi, mwenye madoadoa meupe miguuni. Huuma kimyakimya, mara nyingi kwenye vifundo vya miguu na nyuma ya magoti, mtu akiwa amekaa mezani au akifua. Hushamiri asubuhi jua linapochomoza na jioni kabla halijazama, ingawa kivulini anaweza kuuma saa yoyote ya mchana. Dengi, chikungunya, Zika na homa ya manjano zote ni zake.

Ana tabia moja inayoeleza kwa nini mumeo na bintiyo waliugua karibu pamoja. Ukimpunga kabla hajashiba, hakati tamaa; huhamia kwa mtu wa pili, wa tatu, hadi atosheke. Jike mmoja mwenye virusi vya dengi anaweza kuambukiza watu kadhaa wa nyumba moja kwa mlo mmoja. (Majike pekee ndio wanaonyonya damu, kwa sababu wanaihitaji ili mayai yao yakomae.) Na mbu huyu haendi mbali. Kwa kawaida maisha yake yote huishia ndani ya mita mia chache kutoka alikozaliwa. Kwa hiyo, mama, aliyewauma watu wako karibu hakika alizaliwa kwenye ua wako au wa jirani, ndani ya maji yaliyohifadhiwa au kusahauliwa hapo.

Fanya hivi kesho asubuhi. Chukua tochi, nenda kwenye pipa, ufunue kifuniko polepole bila kulitikisa. Mulika kwa ubavu, karibu na ukingo. Ukiona vijidudu vyembamba vinavyoning'inia kichwa chini, mkia umegusa uso wa maji, hao ni viluwiluwi, yaani watoto wa mbu. Mkia ule ndio wanaovutia hewa. Kivuli cha mkono wako kikipita tu, watazama kwa kujinyonganyonga, kisha baada ya muda watapanda tena. Ukiona na vingine vilivyojikunja mfano wa alama ya mkato, ujue hao wamebakiza siku mbili hivi waruke. Mara nyingi ukishamwonyesha mwenye nyumba kitu hiki kwa macho yake, hahitaji tena kuhimizwa.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawaambiwi. Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Aedesi hatagi juu ya maji. Hubandika mayai yake kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji. Ni meusi, madogo mno, na ukiyatazama utadhani ni vumbi au masizi. Yakikauka hayafi. Hukaa hapo miezi mingi yakisubiri, na siku utakapojaza pipa, maji yakayafikia, huanguliwa. Ndiyo maana unaweza kumwaga maji, ukalianika pipa juani, kisha baada ya siku chache za kulijaza ukawakuta viluwiluwi wale wale. Pipa lazima lisuguliwe kwa brashi ngumu na sabuni, hasa ule mstari ambao maji huishia, likasuuzwe, na maji ya kusuuzia yamwagwe kwenye udongo mkavu, yasiingie kwenye chombo kingine.

Mara ngapi? Mara moja kwa wiki, siku ile ile kila wiki. Kwenye joto, yai linaweza kufika kuwa mbu anayeruka katika siku saba hadi kumi. Ukisafisha kila siku ya saba unamkata njiani. Ukiruka wiki moja, umempa nafasi ya kumaliza safari.

Kwa kuwa maji kwenu ni ya kuvizia, sikwambii umwage maji ya kunywa. Ila kila chombo kifunikwe barabara. Kifuniko chenye ufa, au kilichopinda upande mmoja, ni kibaya kuliko unavyodhani: kwa mbu kile ni kivuli na faragha. Kama pipa halina kifuniko kinachokaa sawa, tandaza kitambaa kilichofumwa kwa karibu na ukikaze kwa mpira au kamba chini ya ukingo, kisilegee katikati kikafanya kidimbwi. Maji yakipungua, pangilia utumie chombo kimoja hadi kiishe, ukisugue, ndipo uhamie cha pili. Tangi la juu lina bomba la kutolea maji yanayozidi. Lifungie wavu mwembamba, maana mbu hupita humo. Kwa matangi makubwa yasiyoweza kumwagwa zipo dawa za kuua viluwiluwi, nyingine zikitokana na bakteria, zilizoidhinishwa kutumika hata kwenye maji ya kunywa kwa kipimo maalumu. Hizo ziulizie kwa bwana au bibi afya. Usikisie kipimo mwenyewe. Na tafadhali usimwage mafuta ya taa wala oili chafu kwenye maji yanayotumiwa na watu au mifugo.

Baada ya mapipa, zunguka nyumba ukitafuta maji usiyoyajua. Sahani chini ya chungu cha maua. Bakuli la kuku au la mbwa. Tairi lililoegeshwa ukutani, ambalo hata uligeuze vipi hubakiza maji ndani. Hilo litobolewe, lijazwe udongo au liondolewe kabisa. Gata la paa lililozibwa na majani, turubai lililobonyea, matofali yenye matundu, chombo cha nyuma ya jokofu ambamo maji ya barafu hudondokea, tundu la choo cha wageni kisichotumika. Kofia ya chupa iliyojaa maji inamtosha. Watoto ni wazuri sana katika kazi hii. Binti yako akishapona, mpe tochi na umwachie upande mmoja wa ua. Ataona vitu ambavyo macho yako yamevizoea.

Na jirani? Hapa sina njia ya mkato. Mkisafisha ninyi peke yenu, mbu watapungua lakini hawataisha. Nenda kwa upole, usiende na lawama. Mwombe aje aone viluwiluwi wako kwanza, kisha mwende kwake pamoja. Njia hii imeshaokoa mji mzima. Mwaka 1881 daktari Carlos Finlay wa Cuba alisema homa ya manjano huenezwa na mbu, na kwa karibu miaka 20 hakusikilizwa. Timu ya Walter Reed, daktari wa jeshi la Marekani, ilipothibitisha hilo mwaka 1900, mwenzake jeshini, daktari William Gorgas, alituma watu wapite nyumba kwa nyumba jijini Havana, mji mkuu wa Cuba, wakifunika na kumwaga maji ya akiba na kutia mafuta yale yasiyomwagika, huku wagonjwa wakiwekwa kwenye vyumba vyenye wavu. Chanjo ya homa ya manjano haikuwapo bado. Kufikia mwishoni mwa mwaka 1901 ugonjwa uliolisumbua jiji lile kwa vizazi ulikuwa umetoweka.

Kuhusu maua: usiyang'oe. Mbu hazaliani kwenye majani. Aedesi hupumzika kwenye kivuli cha vichaka, kwa hiyo punguza matawi yanayogusa madirisha na ufyeke nyasi zilizopitiliza, lakini nguvu zako zipeleke kwenye maji. Nimeona familia zikifyeka ua mzima, udongo ukabaki mweupe, na pipa lililo wazi likiwa pale pale nyuma ya jiko. Tahadhari ni kwa mimea ambayo majani yake hushikilia maji katikati, maana kwenye maji hayo mbu huweza kuzaliana. Hiyo imwagiwe maji kwa nguvu kila wiki ili viluwiluwi wasukumwe nje.

Nisikufanye uisahau malaria kwa sababu ya dengi. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2023 malaria iliua watu 597,000, na wengi wao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano barani Afrika. Watafiti waliochunguza kushuka kwa malaria barani humo kati ya 2000 na 2015 walikuta kwamba takriban asilimia 68 ya maambukizi yaliyoepushwa na kinga na tiba yaliepushwa na vyandarua vyenye dawa. Kwa hiyo wewe mjamzito na huyo mdogo msikose usiku hata mmoja. Chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote. Mguu au mkono ulioegemea wavu huumwa kupitia matundu, kwa hiyo kitanda cha mtoto kisibanwe kikamsukuma pembeni. Kikichanika, kishone siku hiyo hiyo. Kioshwe kwa sabuni ya kawaida na maji yasiyo moto, bila dawa ya kung'arisha nguo, na kianikwe kivulini. Jua kali huharibu dawa. Usikioshe mara kwa mara pasipo sababu. Baada ya miaka mitatu hivi dawa huwa imeisha nguvu, tafuta kingine.

Kuna jambo jipya linalounganisha malaria na mapipa yako. Zamani tuliona malaria kama ugonjwa wa vijijini na mabondeni. Sasa kuna anofelesi mwenye asili ya Asia, aitwaye Anopheles stephensi, aliyegunduliwa Djibouti mwaka 2012 na baadaye katika nchi nyingine za Afrika. Huyu huishi mijini bila shida na huzaliana kwenye matangi na mapipa ya maji safi, sawa na aedesi. Ukifunika pipa vizuri unawafungia mlango wote wawili.

Nyumba yenyewe ndiyo kinga ninayoipenda zaidi, kwa sababu haimtaki mtu akumbuke kitu kila jioni. Weka wavu kwenye madirisha yote, hata dirisha dogo la bafuni. Anofelesi hupenda kuingia kupitia uwazi kati ya ukuta na paa. Uzibe kwa wavu ili hewa ipite, au weka dari. Mlango ujifunge wenyewe. Bomba la hewa la choo cha shimo lifungwe wavu juu, na nyufa za shimo la maji taka zizibwe. Kwa vyoo vya shimo vyenye maji kuna mbinu ambayo ilijaribiwa Makunduchi, Zanzibar, mwishoni mwa miaka ya 1980: tabaka la chembe nyepesi za plastiki linaloelea juu ya maji ya shimo. Viluwiluwi hukosa hewa, na majike hushindwa kutaga. Kuleksi walipungua mno, na pamoja na dawa za minyoo ya matende walizopewa wakazi, maambukizi yakashuka.

Mchana, mtoto wako wa mwaka mmoja akilala, alale ndani ya chandarua kama usiku. Kusahau hili ni kosa ambalo karibu kila nyumba inalifanya. Mvike nguo nyepesi zenye mikono mirefu, za rangi isiyokoza. Aedesi huvutwa na rangi nyeusi. Feni nayo inasaidia kweli, kwani mbu ni mrukaji dhaifu na upepo hutawanya harufu ya pumzi na jasho anayoifuata.

Dawa za kupaka zinazofaa ni zile zenye DEET, ikaridini au IR3535. Soma maandishi ya kwenye chupa. Zinaruhusiwa kwa mjamzito na kwa mtoto wa umri wa wako zikitumiwa kama zilivyoelekezwa, ila mtoto wa chini ya miezi miwili asipakwe. Mafuta ya mkaratusi-limau yaliyotengenezwa kuwa dawa ya mbu pia yanafaa, lakini hayashauriwi kwa aliye chini ya miaka mitatu. Tia dawa kwenye viganja vyako kwanza, ndipo umpake. Viganja vyake viache, kwa kuwa vitaingia mdomoni. Epuka macho, mdomo na penye kidonda. Akiingia ndani jioni, mwogeshe.

Mnapopuliza dawa chumbani, kila mtu atoke, chakula kifunikwe, na muielekeze mahali mbu anapojificha: chini ya kitanda, nyuma ya mapazia, kati ya nguo zilizotundikwa. Funga chumba kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha fungua madirisha hewa itoke kabla hamjarudi. Kupuliza jioni peke yake kulikuwa kunawaacha mchana mzima bila kinga. Dawa ya kuchoma, ile yenye moshi, isiwashwe kwenye chumba kilichofungwa mlimo na mtoto mchanga au mwenye pumu, itumieni barazani. Vile vifaa vinavyodaiwa kufukuza mbu kwa sauti isiyosikika na binadamu, usivinunue kabisa. Vimepimwa mara nyingi na havipunguzi kuumwa. Taa za zambarau zinazopasua wadudu huua zaidi nondo na wadudu wasio na hatia kuliko mbu. Na mche wa mchaichai au mwarobaini uliopandwa dirishani haufukuzi mbu kwa kusimama tu pale.

Sasa homa. Homa yoyote kwa mtu anayeishi penye malaria ipimwe ndani ya saa 24, bila kununua dawa za malaria kwa kubahatisha. Kipimo kikisema hapana, usimlazimishe mhudumu akupe dawa. Uliza kuhusu dengi. Kwa dengi mpe mgonjwa paracetamol kwa kipimo cha umri na uzito wake, na maji mengi. Asipewe aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki, maana huongeza hatari ya kutokwa damu. Mgonjwa naye alale ndani ya chandarua mchana na usiku katika siku za homa, ili mbu wa nyumbani wasichukue virusi kwake wakawapelekea wengine.

Kwenye dengi, siku ya kuogopa mara nyingi ni ile homa inaposhuka, kati ya siku ya tatu na ya saba. Ndugu hufurahi, mgonjwa anaruhusiwa kuinuka, kumbe ndipo mishipa midogo ya damu inaanza kuvuja. Maumivu makali ya tumbo, kutapika kusikokoma, damu puani au kwenye fizi, kupumua haraka, mikono na miguu kuwa baridi, mtoto kulegea au kutotulia: hapo ni hospitali mara moja, hata kama ni saa nane usiku. Kwa mtoto mwenye malaria ni vivyo hivyo akipata degedege, akishindwa kunyonya au kunywa, au akitapika kila kitu. Nawe mama, ukipata homa katika ujauzito huu, usisubiri hata siku moja. Kama unaishi penye malaria, kliniki watakupa dozi za kinga kuanzia miezi hii uliyomo. Zinywe zote kama watakavyokupangia. Na kwa kuwa Zika nayo huletwa na aedesi na inaweza kudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni, dawa ya kupaka ya mchana ianze na wewe.

Chanjo zipo, lakini kila moja ina ugonjwa wake. Ya homa ya manjano, dozi moja inatosha maisha, na hutolewa kuanzia miezi tisa. Ila mjamzito hachanjwi hivi hivi, ni mpaka daktari apime hatari iliyopo. Za malaria ni mbili, RTS,S iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 na R21 mwaka 2023, na huanza kutolewa karibu na umri wa miezi mitano, dozi nne. Mtoto wako mdogo amevuka umri wa kuanzia, lakini uliza kliniki kama ratiba ya nchi yako bado inamruhusu, na huyo anayekuja usikose tarehe zake. Chanjo za dengi bado hazitolewi kila mahali na zina masharti ya umri.

Mumeo na bintiyo wamepata kinga dhidi ya aina moja ya virusi vya dengi. Aina ziko nne, na maambukizi ya pili, yakiwa ya aina nyingine, yanaweza kuwa makali kuliko ya kwanza. Kwa hiyo andika tarehe walizougua na jibu la kipimo kwenye daftari au kadi zao za hospitali, na siku yoyote wakipata homa tena, mweleze daktari kabla hajauliza.